Nusu Kikombe cha Maharage

Wanafunzi walimwita Jenerali, na jina likamkaa. Miaka ishirini na sita alipika maharage katika jiko la shule ya bweni, na hakuna aliyethubutu kubakiza chakula mbele yake. Mumewe, fundi cherehani mpole, naye alimwita hivyo hivyo kwa utani.

Figo za fundi zilipoanza kuchoka, kliniki walisema maharage yapunguzwe. Kupunguza? Jenerali na nusunusu wapi na wapi! Akapiga marufuku kabisa. Hata kazini alianza kuoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, mume asije akanusa akatamani.

"Jenerali, kijiko kimoja tu," fundi alibembeleza. "Mwenzio nilikuoa kwa maharage yako."

"Unataka kuniacha mjane, baba watoto? Kula kabeji yako."

Fundi alicheka, akala kabeji. Aliila miaka miwili, mpaka akafariki. Jamani, mwanamke yule alilia! Faraja yake ilikuwa moja tu, kwamba alimlinda.

Baada ya mazishi alikwenda kliniki kurudisha mizani waliyoazimwa. Mshauri wa lishe, binti mchangamfu, alimpa pole, kisha akauliza bila nia mbaya, "Mama, mwishowe alikuambia habari ya maharage? Vipimo vyake viliruhusu nusu kikombe, mara mbili kwa wiki. Unaloweka, unamwaga maji, unachemsha bila chumvi. Nilimwelekeza mwenyewe."

Jenerali aliweka mizani mezani. "Hakuniambia."

Binti akaisogeza mizani kando. "Nilimkumbusha, mama. Akacheka, akasema, 'Mke wangu anahangaika kunilinda. Nikimwambia amekosea, ataumia. Mwache tu.'"

Jenerali alirudi nyumbani kwa miguu, hata salamu za watu hakuitikia. Aliloweka nusu kikombe. Kesho yake akamwaga maji, akachemsha kwa maji mapya, kitunguu kidogo, chumvi hakuna. Akapakua kwenye sahani ya mumewe, akaketi kwenye kiti chake. Kabla ya kuonja aliomba Mungu yawe mabaya, yawe chapwa kabisa, yasiyopita kooni, ili ajue fundi hakukosa kitu.

Yalikuwa matamu. Jenerali aliweka kijiko chini, akalia kwa sauti mpaka jirani akaja kugonga mlango.