Sirapu na Siku Tano za Kunyamaza

"Na ikituzidi, tutamwambia nani?"

Ndeshi aliniuliza hivyo Ijumaa moja alasiri, tumekaa kwenye mkeka chumbani kwake mtaa wa Olasiti, chupa za dawa ya kikohozi zikiwa katikati yetu. Mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila mtu, nilicheka tu nikamwambia, "We naye. Dawa wanayompa mtoto mdogo ndiyo ikuzidi wewe?"

Tulikuwa kidato cha tatu. Mimi nilikaa Lemara kwa wazazi wangu. Baba ni mtu wa Kondoa, ana duka la vipuri. Ndeshi alikuwa Mmeru wa kijiji cha Kikwe, akikaa kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Nilikuwa mtoto wa kubisha. Mwalimu akisema bangi inaharibu ubongo, nauliza nani kaupima. Ustadhi akisema jambo, nataka ushahidi. Ndeshi alipenda kunisikiliza nikibishana, na nadhani ndiyo sababu aliniamini. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihoji: kitu kinachouzwa duka la dawa, kwenye boksi safi lenye picha ya mtoto anayetabasamu.

Shuleni walikuwepo waliokunywa sirapu. Walisema unakuwa mwepesi, unasahau mitihani. Tulinunua kwenye maduka mawili tofauti, na hakuna aliyetuuliza nani anakohoa. Tulikunywa kiasi gani, sitaandika. Najua yupo atakayesoma hapa akitafuta hicho tu.

Mwanzoni kichwa kilikuwa chepesi kweli. Kisha moyo ukaenda mbio, macho yakakataa kutulia mahali pamoja, jasho likanitoka hadi viganjani. Nikatapika kwenye beseni mara tatu, kitu kitamu na kichungu kwa pamoja, kikanitokea mpaka puani. Ndeshi alinishika mgongo huku akinicheka.

"Mbishi mzima, kumbe una tumbo la kichanga. Mimi hata sijatapika."

Alijivunia hilo. Baadaye nilielezwa kwamba huenda kutapika mapema kulinipunguzia sumu.

Jumamosi nililala siku nzima, nikamdanganya mama kwamba nimekula chipsi mbaya. Jumapili nilipata nafuu, nikala hata wali. Mchana Ndeshi akanipigia kwa simu ya mama yake.

"Mama kanifuata jana, niko Kikwe. Natapika sasa, tumbo linauma. Anasema ni malaria."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwanao mlevi wa sirapu? Nitabaki shambani hapa, shule basi."

"Basi kausha, usiseme kitu. Mimi nimeshapona, na wewe utapona."

"Na wewe ukaushe. Apa."

"Wallahi," nikasema.

Jumatatu asubuhi mama aliniita. "Zulfa, hebu njoo hapa mlangoni kwenye mwanga. Macho yako yana nini?"

Yalikuwa ya njano. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala kwenye chupa. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na maumivu mazito, kama mtu kaniwekea jiwe. Hospitalini, daktari kijana akauliza, "Kuna dawa yoyote umetumia siku hizi?" Mama alikuwa amekaa pembeni, ameshika khanga yake kwa mikono miwili. Nikajibu hapana. Walinipima malaria, haikuonekana. Wakapima homa ya ini inayoletwa na virusi, nayo haikuonekana. Jioni fizi zilianza kutoa damu, na nilikuwa nachanganya siku.

Jumanne sista mmoja mtu mzima alimtuma mama akalete uji. Mama alipotoka, akainama karibu na sikio langu.

"Mwanangu, mimi nina mabinti watatu. Hakuna utakachoniambia nikashangaa. Ulikunywa nini?"

Nikamwambia. Daktari alirudi karibu anakimbia. Nilipomtajia jina la dawa, akatikisa kichwa. "Ile si ya kikohozi tu, ni mchanganyiko. Ndani yake kuna paracetamol. Ikizidi sana inaua ini, polepole, hata wakati wewe unajiona umepona." Akaagiza dawa ya kupambana na sumu ile, nikawekewa dripu. Kisha akauliza, "Ulikunywa na nani?"

"Peke yangu."

Hapo naomba msome taratibu. Nilikuwa nimeshasikia kwamba inaua. Nilikuwa nimeshasikia kwamba kujiona umepona si kupona. Nikasema peke yangu. Kwa ajili ya kiapo? Mtu ambaye hakuamini chochote bila ushahidi, leo ashikwe na neno moja la kwenye simu? Nimejiuliza miaka yote hii na sijaridhika na jibu lolote. Nadhani nilimwogopa mama yake kuliko nilivyoogopa kifo, kwa sababu mama yake nilimjua na kifo sikukijua.

Jumatano asubuhi akili ilikuwa imetulia kidogo. Baba alikuja kunitazama, nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza. Alitoka nje na simu yake kumpigia mama Ndeshi. Aliporudi alikaa mwisho wa kitanda, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Wamempeleka hospitali?" nikauliza.

"Walikuwa njiani," baba akasema. "Hawakufika, mwanangu."

Alizikwa Kikwe nikiwa bado kwenye dripu. Nilikaa wodini wiki tatu. Ngozi iliniwasha usiku na mchana mpaka mama akanikata kucha zote. Nywele zilinyonyoka. Harufu ya mafuta ya kupikia ilinitapisha kwa miezi. Kila wiki walinitoa damu kupima ini, na kila wiki majibu yalisogea kidogo, mpaka siku daktari akasema, "Umebahatika, limejijenga upya." Nilirudi darasani. Kwenye dawati letu walikuwa wamempa mtu mwingine upande wa Ndeshi, msichana mpole ambaye sikumsemesha muhula mzima, na hakuwa na kosa.

Nyumbani walisoma dua ya shukrani. Baba mdogo akasema Mungu ana kusudi nami. Nikamuuliza, na Ndeshi hakuwa na kusudi naye? Akanyamaza. Namshukuru kwa kunyamaza kule, kwa sababu wengi hawakuweza.

Ninawashukuru na wengine: sista yule, aliyejua kumtuma mama akalete uji; mama, aliyeniita kwenye mwanga; na madaktari. Nimemaliza chuo kikuu na bado nabisha, ila sasa naanzia kwenye maandishi madogo ya nyuma ya boksi. Ninyi mlio shuleni, bisheni na kila mtu, bisheni na mimi pia. Lakini rafiki yako akianza kutapika, vunja kiapo. Atakuchukia akiwa hai, na hilo linavumilika. Na wewe mzazi, kabla hujasema malaria, toa watu chumbani, kaa naye, muulize bila fimbo mkononi.

Kikwe sikukanyaga kwa miaka saba. Mwaka huu nilikwenda. Mama Ndeshi alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na ungo wa mahindi, tukapukuchua. Nilimweleza yote, hadi lile neno langu la kwenye simu na lile la kwa daktari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza yake. Alisema baada ya msiba mganga wa zahanati alikuja kukaa naye akamfafanulia kilichotokea, na tangu siku hiyo hajamwambia mtu. Nilipomwambia nataka kuandika, akasema, "Andika na hili langu. Mama mwingine alijue."

Jumamosi ile alipomchukua mwanawe, alipita duka la dawa akaeleza kwamba ana homa na maumivu. Wakampa bahasha ndogo ya vidonge vya paracetamol, juu wameandika: viwili, kutwa mara tatu. Alimpa kwa kufuata saa, mpaka Jumatano asubuhi, na hakuruka dozi hata moja.