Nyumba ya Udongo Aliyoikataa Mama

Baba mdogo sikumpenda, wala sitajisingizia. Tuliporudi Muyinga kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mama na mimi, tulimkuta amelima shamba la marehemu baba hadi mahali ulipokuwa mlango wetu. Kesi ikachukua miaka, ndipo wazee wa kilima, yaani kijiji chetu, wakamwamuru atuachie sehemu ya kujenga. Akakubali, ila kwa sharti.

"Mi sikatai," akaniambia mbele yao. "We jenga. Lakini nyumba ya udongo tu. Simenti hapana, tofali ya kuchoma hapana."

Kilimani kwetu mwenye nyumba ya tofali la kuchoma hang'oki. Ya udongo huliwa na mvua, na mwenyewe huondoka bila kufukuzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakuijua kazi yangu. Miaka hiyo ya kesi, mjini Gitega, nilikuwa nachora na kujenga nyumba za udongo, tena kwa watu wenye uwezo. Nikakubali haraka, nikimcheka moyoni. Nikainua msingi wa mawe, nikachekecha udongo, nikauchanganya na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Rukarakara, yaani matofali mabichi, nikazikausha chini ya majani ya migomba zisipasuke kwa jua. Paa nikalisogeza nje sana, mvua isiguse ukuta. Nilijivuna kweli.

Mama akaja, akapapasa ukuta, akasonya.

"Kambini nimelala kwenye udongo mpaka nimezeeka. Umesoma ili unirudishe humo humo?"

Nikaanza kumweleza kwamba ukuta huu hutunza joto usiku.

"Basi kalale wewe," akasema, akabaki kwa jirani aliyemhifadhi tangu turudi. Nilimkasirikia vibaya.

Mvua zilipoanza, baba mdogo alikuja na jembe. Hakubisha hodi. Akaanza kuchokonoa ukuta, aone kama umelainika. Kabla sijamfikia, mama alishavuka matope kutoka kwa jirani.

"Shemeji! Ondoa jembe kwenye nyumba yangu!"

"Yako? We si ulisema hii iko kibanda?"

"Kibanda changu!"

Akaingia, akakomea mlango, akatuacha sote wawili tunanyeshewa.

Anaishi humo hadi leo. Niliijenga apumzike, naye anailinda kwa chuki. Nikitoka Gitega kumsalimu, huniambia nyumba ni mbaya, kisha hufungua dirisha ili baba mdogo, akipita kwenda kulima, amwone yumo.