Mlango wa Plastiki Umeniaibisha kwa Baba Mkwe

Jamani, leo baba mkwe amegoma kuingia sebuleni kwangu akidhani ni chooni!

Nina hasira kweli kweli.

Tulipokuwa tunachagua mlango wa mbele, mimi nilisema mninga. Mume wangu akasema mbao italiwa na mchwa, plastiki ndiyo ya kisasa. Akaleta ule mweupe ambao hapa Bariadi kila mtu kauweka bafuni.

Nikakubali. Eti nisiwe mbishi.

Asubuhi hii mzee katoka Nkoma, jogoo mkononi, kuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Nikasikia ananiamkia kwa Kisukuma, "Hodi! Mwangaluka!"

Nikaitika nikiwa ndani, mlango umefungwa: "Mwangaluka baba, karibu!"

Haingii.

"Baba, ingia tu!"

Nikasikia hatua zinarudi nyuma haraka. Halafu sauti kutoka kule barabarani: "Maliza tu mwanangu, sina haraka."

Na mnajua sisi Wasukuma mtu na mkwe wake wanavyoheshimiana! Mimi nimkaribishe baba mkwe chooni? Semeni wenyewe, hapo mwenye kosa nani?

Nimetoka mbio, nimepiga magoti kumwamkia, macho chini. Mume wangu kasimama pembeni anacheka! Anamwambia, "Baba, huo ndio mlango wa mbele, wa kisasa."

Mzee akauangalia mlango. Akamwangalia mwanawe. Akauliza kwa upole kabisa:

"Haya. Kwa hiyo wa mninga mmeuweka chooni?"