Maji ya Alhamisi

Addi alizaliwa katika bonde la Tizrit, juu kwenye milima ya Atlasi, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi na adabu za huko, kisha akaenda Rabat kusomea jinsi watu wanavyoishi pamoja. Alisoma mpaka akapata uzamivu. Sasa ni mhadhiri wa sosholojia mwenye mvi, na wanafunzi humwita kichinichini Daktari wa Mfereji, kwa sababu kitabu chake kimoja tu kinahusu mfereji wa kwao: nani hufungulia shamba lake maji siku gani, na kwa haki ipi. Ni kitabu kizuri, tusimnyime lake. Laiti kingeishia kwa maprofesa wenzake.

Kiangazi cha utafiti alipita nyumba kwa nyumba na swali lilelile: maji ya Jumatatu ni ya nani, ya Jumanne ni ya nani. Dada wa mama yake, Itto, alimwandalia mkate wa moto na mafuta ya zeituni. Alipofika kwenye Alhamisi, Itto alimjibu bila kusita kwamba maji hayo ni ya kina Tuda, majirani wa juu. Addi akaandika, akaendelea na Ijumaa.

Hapo ndipo alipojikwaa, na hata kisingizio hana, maana ni mtoto wa palepale. Tizrit mtu akishampa jirani kitu, hakitaji tena kuwa ni chake. Kusema "nilimwazima" ni kumvua jirani nguo hadharani. Mwaka ule chemchemi ya Tuda ilikuwa imekauka, na marehemu mume wa Itto alikuwa amemwachia jirani huyo zamu yake ya Alhamisi ili asihame na watoto. Bonde zima lilijua, na kwa hiyo bonde zima lilinyamaza. Mvua ziliporudi, Tuda alimpelekea Itto kapu la lozi, na Alhamisi iliyofuata maji yakateremka tena kwenye shamba la Itto. Hakuna aliyesema neno. Addi wakati huo alikuwa Rabat, kitabu kiko kiwandani kinachapwa.

Miaka ikapita. Mjukuu wa Tuda, Bassu, akarudi kutoka mjini na mipango mikubwa, akapanda mitufaha mlima mzima, na mitufaha hainywi kidogo. Akaenda mahakamani kudai Alhamisi iwe ya ukoo wake moja kwa moja. Shahidi hakumleta. Alileta kitabu.

Addi aliposikia alipanda basi usiku uleule. Alidhani jambo ni jepesi: aliyeandika atafafanua alichoandika, basi. Akamweleza hakimu kwamba ule ulikuwa mwaka mmoja wa ukame, kwamba kitabu hakikukusudiwa kumpa mtu haki wala kumnyang'anya. Hakimu alimsikiliza kwa heshima zote.

"Ukurasa huu umeuandika wewe, Profesa?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Una uongo ndani yake?"

"Hauna. Lakini..."

"Hiyo lakini siioni humu," hakimu akasema, akafunga kitabu taratibu.

Likabaki tumaini moja. Itto aliitwa mbele, na hakimu akamweleza waziwazi kwamba akisema maji yaliazimwa, kesi imekwisha. Tuda alikuwa ameketi benchi la kwanza, macho yameshaingia ukungu, ameletwa na mjukuu wake. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, na Bassu akamwekea mkono gotini. Itto alimtazama yule mwenzake kwa muda. Addi alikuwa anamwomba moyoni, sema, mama, sema neno moja tu.

"Ya kina Tuda," Itto akasema, kwa sauti ileile ya kiangazi kile.

Nje ya mahakama Addi alikuwa na hasira na aibu, hajui ipi imezidi. Akamuuliza Itto kwa nini hakulisema, na neno lenyewe lilikuwa moja tu.

"Na Tuda uso wake angeuweka wapi? Mbele ya mjukuu wake, mbele ya askari? Tumezeeka pamoja, Addi."

"Na milozi yako, mama mkubwa?"

"Itakufa." Akajifunga ushungi vizuri. "Na wewe usiniulize tena maswali."

Tangu hapo Addi huja kila likizo, wala hajui anakuja kufanya nini. Aliandika makala ndefu ya kujisahihisha katika jarida la chuo, akamsomea Itto hadi mwisho. Itto akauliza kama hakimu ataisoma. Addi akasema hapana. Ukurasa ule wanafunzi wanaendelea kuukariri kwa ajili ya mtihani.

Juzi ilikuwa Alhamisi. Walikaa kizingitini, mbele yao milozi imekauka mpaka matawi ya chini, na maji yanapita nyuma ya ua kuelekea kwenye mitufaha, yanasikika vizuri kabisa. Addi aliinamisha kichwa, akajiona kama mtu asiye na mikono. Itto akamimina chai ya mnanaa, akamsogezea glasi.

"Kunywa, mwanangu. Uliandika nilivyokwambia."

Addi akanywa.