Jibu la Mshona Magodoro

Kaka yangu alishona magodoro ya pamba tangu ujana, na mwenzake kazini alikuwa Mwislamu tuliyemwita Mrefu. Walilisimamisha godoro kwa ubavu katikati yao. Kaka alipenyeza sindano ndefu, Mrefu akaipokea upande wa pili na kuirudisha. Mimi nilichambua pamba karibu na mlango. Ilielea chumbani polepole, ikatua kwenye kope zao, hata wakaonekana kama watu walio ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Katika utulivu huo Mrefu alikuwa akisema, "Isa ni mtume, ndugu yangu. Hakusulubiwa. Mungu alimnyanyua."

Kaka alirudisha sindano tu. Kwetu maneno ni haba. Ikapita miaka tisa hivyo.

Siku moja Mrefu akawaambia wateja kwamba mwenzake amekwisha kuukubali Uislamu, bado kutamka shahada. Habari haina miguu, lakini ilifika kanisani kwetu kabla ya jioni. Mzee wa kanisa akaja na karatasi.

"Msomee hii. Itamfunga mdomo."

Kaka akaisoma. Ilijaa matusi juu ya mtume wa Waislamu. Akamrudishia mzee.

Shemeji alikuwa analia. "Kama bado u mwenzetu, si useme, baba watoto?"

Kesho yake sindano ilipomfikia, kaka aliishika, asiirudishe.

"Vipi, uzi umekatika?" Mrefu akauliza kutoka ng'ambo ya godoro.

"Haujakatika. Mimi naamini Yesu alisulubiwa, akafa, akafufuka. Namwomba kama Mungu wangu. Kunyamaza kwangu kulikuwa kuona haya, si kukubali. Nimekuacha ujidanganye, unisamehe."

Pamba ikazidi kushuka.

"Basi mmoja wetu amekosea," Mrefu akasema.

"Ndiyo. Nikikuambia yote ni sawa, nitakuwa nakudharau."

Mrefu akachungulia juu ya godoro. "Kumbe una mdomo. Miaka tisa nahubiria pamba."

"Na wateja je?"

"Nitawaambia nilikosea juu yako. Juu ya Isa, bado sijakosea."

"Sawa. Na mimi bado."

Aliwaambia kweli, mmoja mmoja. Siku hizi godoro la siku moja linachukua mbili, na wateja wananung'unika. Jana nilimsikia Mrefu akisema, "Haya, nieleze huko kufufuka siku ya tatu. Taratibu, nisije nikakuelewa vibaya tena."