Nyama ya Kifuani

Dada yangu alinipigia simu Jumapili mchana nikiwa Kitale, kwenye ghala la mahindi ninakofanya kazi. "Ndugu yangu, njoo umwongeleshe mtoto wako," alisema. Kwetu, mtoto wa dada ni mtoto wako. Alikuwa amekuta simu tatu za watu ndani ya mkebe wa unga. Wenye simu walikuwa wameshamshtaki kijana kwa naibu wa chifu, naye alikuwa amempa dada hadi kesho yake asubuhi: kijana azirudishe mwenyewe na kuomba msamaha, la sivyo mambo yaende polisi.

"Mimi hanisikii tena. Wewe ni mjomba."

Njiani kwenda Bungoma nilimkumbuka mjomba wangu mimi, wa Matulo. Mwaka niliotahiriwa alichinja fahali, akakata nyama ya kifua pamoja na ngozi yake, akanivalisha shingoni. Kisha akanizaba kofi na kunitukana mbele ya watu wote, kama desturi inavyotaka: "Ukiniaibisha, usikanyage kwangu!" Nilitembea hadi nyumbani nyama ile ikinigonga kifuani, mafuta yakichuruzika tumboni. Miaka miwili baadaye niliiba pampu ya baiskeli dukani. Mjomba alikuja kwa miguu. Hakunichapa. Alinigusa tu kifuani kwa kidole, akauliza, "Nilikuvalisha nini hapa?" Niliirudisha pampu nikilia barabarani, bila mtu wa kunisindikiza.

Zamu yangu ilipofika, ya kumvalisha mpwa wangu, sikwenda. Agosti ile ya tohara yake nilikuwa ndio nimepata kazi ya kupakia malori Kitale, kama nilivyokuwa nimepata nyingine Nakuru, na nyingine Kericho kabla yake. Mimi sikai mahali. Nilituma ujumbe kwamba nitafika kesho. Jirani mwuza mkaa akasimama badala yangu.

Nilimkuta mpwa nyuma ya nyumba akisafisha viatu. Ana miaka kumi na saba, amenipita kwa urefu.

"Niaje, mjomba. Umetumwa?"

"Twende kwa naibu wa chifu tuzirudishe hizo simu. Mimi na wewe."

"Ati mimi na wewe?" Alicheka. "Hata hujui niko kidato gani, bana."

Kweli sikujua. Nikanyoosha kidole, nikamgusa kifuani. Sijui nilitarajia nini. Alikitazama, akakiondoa polepole, bila hasira, kama mtu anayeondoa mdudu.

"Hapo aliniwekea mzee wa mkaa. Angekuja yeye, ningeenda. Na yeye si tulimzika mwezi wa pili?"

Akavaa viatu, akatoka. Dada alimwita hadi sauti ikakatika. Mimi pia niliita. Majirani walichungulia milangoni, wakarudi ndani.

Asubuhi hakuwa amerudi. Tulizipeleka simu wenyewe, mimi na dada, ndani ya kikapu, zikiwa bado na unga. Naibu wa chifu alizipanga mezani.

"Kijana yuko wapi?"

Dada alisema hakulala nyumbani.

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mjomba."

Alinitazama vizuri. Yeye pia ni mtu wa huku. "Wewe ndiye uliyemvalisha?"

Dada aliinamisha kichwa. Nikasema hapana. Akavuta karatasi, akaanza kuwaandikia polisi.