Dishwasher yangu ilivyonuka shombo mpaka mama mkwe akataka kuondoka na mke na mtoto

Wakuu, mwakeye. Ndiyo salamu ya huku Kigoma, na mimi baada ya miaka minne nimeshaizoea.

Leo naleta kisa cha ndani ya nyumba yangu. Sijaongeza chumvi, na sehemu za kuniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni mtumishi, kwetu Kondoa. Nilihamishiwa huku, nikaoa binti wa Ujiji, tukapanga nyumba Katubuka. Mwaka jana kuna mgeni mmoja wa miradi alikuwa anarudi kwao, akawa anauza vitu vya nyumbani. Wenzangu walikimbilia friji na makochi. Mimi nikabeba dishwasher, mashine ya kuoshea vyombo.

Kitabu cha maelekezo hakikuwepo. Alinionyesha pa kuweka sabuni na kitufe cha kuwasha, tukaagana.

Wakuu, niliringa. Mgeni akija nyumbani, kabla hajakaa namwonyesha mashine. Wife alikuwa mjamzito, nikawa nasema mke wangu hatainama kwenye karai tena. Nilikuwa naiwasha kwa ule mzunguko mfupi wa maji ya uvuguvugu, maana ndio unaowahi kuisha.

Sasa mnajua chakula cha huku. Dagaa wa mawese, samaki mgebuka wa mawese, maharage ya mawese, na ugali wa muhogo pembeni. Sahani zinatoka mezani zina rangi ya chungwa, na mimi nazipanga ndani hivyohivyo, na mabaki yake. Kwa akili yangu, kazi ya mashine ni kuosha, sasa nikisuuza mimi, yenyewe itafanya nini?

Miezi minane ilipita hivyo.

Kuna harufu fulani ilianza jikoni. Niliisikia, sitawadanganya. Lakini mimi ni mtu wa Kondoa, samaki nilikuwa nawaona kwenye madaftari ya shule. Nikajua ndiyo harufu ya mji. Nikienda Katonga kununua samaki naisikia, nikirudi nyumbani naisikia, nikaona yote ni ileile. Pua ikazoea.

Wife akajifungua salama, mtoto wa kike, Zubeda, uzao wetu wa kwanza. Mama mkwe akaja kutoka Ujiji kumlea mzazi hadi arobaini.

Hapa wasiotoka huku wanielewe. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Mimi ni mkwe, kwa hiyo hazungumzi na mimi moja kwa moja. Akiwa na neno analipitisha kwa binti yake, hata kama mimi nimekaa hapohapo. Atasema, mwambie mumeo mvua inakuja, na mimi nimeshasikia, lakini nasubiri wife aniambie ndipo nijibu.

Siku ya kwanza, Jumatatu, nikamtengenezea chai mwenyewe. Akasema kupitia kwa wife kwamba amefunga. Nikaona sawa, funga ya sunna. Jumanne nikapeleka tena, amefunga. Jumatano amefunga. Nikasema huyu mama ana swaumu nyingi kuliko imamu wetu.

Halafu mchana huohuo wa Jumatano nikamkuta anakunywa maji kwa kikombe cha bati alichokuja nacho kwenye mkoba wake.

Iliniuma, wakuu.

Na jambo lingine dogo, ndimu zilikuwa zinaisha ajabu. Nanunua fungu leo, kesho hamna. Nikadhani ni hamu za mzazi.

Ijumaa narudi kutoka msikitini nakuta begi la wife limefungwa, liko mlangoni. Mama mkwe amesema arobaini itamaliziwa Ujiji.

Najua Ujiji si mbali, hata kwa miguu unafika. Lakini nilimsubiri mtoto huyu kwa hamu, na nilishaomba likizo nikae naye. Halafu majirani wangesemaje? Mzazi hajamaliza wiki kwa mumewe, katolewa na mama yake. Watasema kuna kitu kwenye nyumba ile.

Nikamwita wife chumbani. Nikamuuliza, kwa hasira ya chinichini, nyumba yangu ina nini mpaka mama yake asile wala asinywe. Nikataja mapungufu yangu yote niliyoyajua, nikafika hadi kwenye Ukondoa wangu.

Wife akaniacha niseme weee. Nilipomaliza akasema:

"Vyombo vyako vinanuka shombo. Mimi tangu nijifungue nikisogeza kikombe mdomoni nataka kutapika. Mama hawezi kukuambia, wewe ni mkwe wake."

Nikamwambia, mbona wewe uji unakunywa kila asubuhi?

"Mama anaviosha upya huko nje. Kwa jivu na ndimu zako. Kila kikombe ninachonywea."

Mama wa watu kila asubuhi anainama kwenye beseni nyuma ya nyumba, anaosha vyombo ambavyo mimi nimetangazia mtaa mzima kwamba vinaoshwa na mashine. Na hakusema neno, alihifadhi heshima yangu. Ndiyo nikaelewa pia kwamba watu wa ziwani kula samaki kila siku hakumaanishi kwamba wanavumilia shombo kwenye kikombe. Ni kinyume chake kabisa.

Nikamwambia wife anipe hadi kesho Alasiri. Akakubali.

Jumamosi asubuhi nikaanza, na kosa juu ya kosa. Nilichukua sabuni ya unga ya kufulia, nikajaza kikombe kizima, nikawasha mashine bila vyombo. Nikasimama pembeni nimekunja mikono.

Povu likatoka chini ya mlango. Likavuka jikoni. Likaenda hadi ukumbini alipokuwa amekaa mama mkwe kwenye mkeka na mjukuu wake. Alimwinua mtoto, akakunja miguu, akalitazama linavyopita. Mimi nimesimama na ndala zangu zinaelea.

Akamgeukia binti yake, akasema taratibu:

"Mwambie mumeo mawese hayaogopi sabuni. Yanaogopa maji ya moto."

Huyu mama amekamua mawese Ujiji maisha yake yote. Sikusubiri wife anifikishie ujumbe.

Nikazima mashine ukutani. Nikakausha povu. Nikatoa kapu la chini, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa na tochi ya simu. Ndipo nikaona pale chini kabisa kuna kitu cha duara chenye matundu. Nikakizungusha kidogo kwenda kushoto, kikachomoka.

Lilikuwa chujio, wakuu. Miezi minane nakaa na mashine sijui kama ina chujio.

Sitaeleza sana, wengine mnakula. Mawese yalikuwa yameganda humo yamekuwa kama mshumaa wa rangi ya chungwa, na ndani yake vichwa vya dagaa, miiba ya mgebuka na ugali uliochacha. Maji yote yaliyoosha vyombo vyetu yalikuwa yanapita hapo kwanza.

Nililoweka chujio kwenye beseni la maji ya moto, mawese yakaanza kuyeyuka na kuelea. Nikasugua na mswaki wa zamani hadi matundu yakaonekana. Ile mikono inayozunguka kurusha maji nikaichomoa, matundu yake yameziba, nikayazibua moja moja kwa njiti. Kisha mpira wa mlango. Huo usiusahau, kwenye mikunjo yake ndiko shombo linakojificha. Nikaufuta kwa kitambaa chenye ndimu mara tatu.

Nikarudisha kila kitu, nikaweka bakuli la siki kwenye kapu la juu, nikawasha mzunguko mrefu wa maji ya moto kabisa, bila chombo kingine. Na tafadhalini, siki msiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo, mtajivutia hewa ya sumu.

Ilipomaliza nikaingiza pua. Nikatoka nje nikavuta hewa, nikarudi nikanusa tena, maana hii pua yangu siiamini. Nikamwita wife anuse. Akanusa, akaenda kuleta vikombe akavipanga ndani mwenyewe, nikawasha tena.

Baada ya Alasiri nikapika chai ya tangawizi. Nikamimina kwenye kikombe chetu cha kawaida, nikakiweka kwenye stuli mbele ya mama mkwe, nikarudi nyuma. Begi bado liko mlangoni.

Alikiinua. Aligeuza uso kidogo, nikajua ananusa. Akanywa. Akanywa tena, hadi kikaisha.

Halafu akaniangalia mimi, si binti yake.

"Baba Zubeda, chai nyingine ipo?"

Nilienda jikoni nikasimama kidogo kabla ya kumimina, macho yalikuwa yamejaa.

Begi lilifunguliwa jioni ileile. Arobaini imeisha juzi, hapahapa Katubuka.

Nilichojifunza ni kwamba kinachoosha nacho kinaoshwa. Siku hizi sahani za mawese nazifuta kwanza, chujio nalitoa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na maji ni ya moto. Pia nimejifunza kwamba mtu akikataa chai yako, kabla hujakasirika, nusa kikombe.

Wenye hizi mashine njooni tuelekezane, hasa mnaopikia mawese. Na mliooa huku, mama mkwe wako akifunga Jumanne, wewe ungefanyaje?

Mama mkwe anaondoka Jumapili. Anamwacha binti yake, na kile kikombe chake cha bati amesema kibaki, cha mjukuu. Nimekiweka kwenye kapu la juu.